Stesheni ya Kikuyu Ilijengewa Nani?

Ukitaka kuielewa stesheni yoyote ya treni hapa Kenya, usianze na mwaka. Mwaka utaupata kwa kitabu. Anza na swali hili: hii stesheni ilijengewa nani? Angalia wapi kuna paa na wapi hakuna, nani amewekewa kiti na nani anasimama juani, treni inakuja saa ngapi na ikiondoka inaelekea wapi. Ukishajibu hayo, hiyo miaka nayo itaanza kukuambia kitu.

Leo nataka tuulize hilo swali kwa stesheni moja ndogo: Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Wengi wetu tunaujua huu mji kwa mambo mengine. Alliance iko hapo. Hospitali ya PCEA iko hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kempasi hapo. Na kama umewahi kukwama Gitaru jioni, unaijua Kikuyu kwa jam. Stesheni huwa tunaipita tu. Lakini kuna wasee ambao kila asubuhi wanashuka pale, wanapanda treni ya tao, na jioni wanarudi nayo. Kwao hiyo stesheni ni sehemu ya maisha, kama vile steji ilivyo kwako.

Mimi naona hivi, na nitaeleza kwa nini: kwa zaidi ya miaka 120 stesheni ya Kikuyu imehudumia karibu kila mtu isipokuwa mtu wa kawaida wa Kikuyu. Sasa ndio kuna nafasi ya kubadilisha hilo, na tukilala nafasi itapita.

Treni ilikuwa inaenda kwingine

Reli ya kwanza iliitwa Uganda Railway. Hebu lisikie hilo jina vizuri. Ilianzia Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Desemba 1901 ikagusa ziwa pale tunapopaita Kisumu. Ukitazama ramani ya leo, hiyo njia yote iko Kenya. Hakuna hata mita moja iliyo Uganda. Jina lilikuwa la Uganda kwa sababu huko ndiko Waingereza walitaka kufika, ziwani na kwenye chanzo cha mto Nile. Sisi wengine tulikuwa njiani.

Na Kikuyu ilikuwa imeshazoea kuwa njiani. Kabla ya reli, misafara ilipitia sehemu hizi kwa sababu kulikuwa na chakula. Wakulima walikuwa na ziada shambani, na msafara wenye mamia ya wapagazi hauwezi kuvuka Bonde la Ufa na njaa. Mwaka wa 1890 Lugard akajenga ngome Dagoretti. Haikukaa. Uhusiano na wenyeji uliharibika, wageni wakaondoka, ngome ikachomwa. Mwaka wa 1891 ikajengwa nyingine karibu hapo, Fort Smith. Waiyaki wa Hinga, kiongozi ambaye mwanzoni alikuwa amepatana na Lugard, alikamatwa mwaka wa 1892, akatembezwa kuelekea pwani, na akafia Kibwezi.

Kwa hivyo treni ilipofika miaka saba baadaye, watu wa hapa walishajua kwamba mgeni anayesema "napita tu" anaweza kukaa.

Bei ya kuipitisha hiyo reli ilikuwa kubwa. Rekodi za serikali ya kikoloni zinataja wafanyakazi 31,983 walioletwa kutoka India, na 2,493 kati yao wakafa. Hapo hujahesabu Waafrika waliokata vichaka na kubeba mizigo, ambao hawakuandikwa kwa uangalifu kama huo.

Kutoka Nairobi kuja Kikuyu reli inapanda. Nairobi iko kwenye kimo cha karibu mita 1,660, na Kikuyu iko karibu mita 2,000. Treni haiwezi kukimbia juu ya mlima kama nduthi. Inazunguka, inatafuta mteremko mpole, na ndio maana njia ya reli ni ndefu kuliko barabara. Ukipita Kikuyu unaendelea kupanda mpaka Limuru, halafu ardhi inaisha ghafla na Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Hapo mainjinia walishindwa kwa muda. Mwaka wa 1900 walikuwa wanateremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali, huku wakiendelea kuchonga njia ya kudumu.

Katika hali hiyo, stesheni kama Kikuyu ilikuwa na kazi ya kuisaidia treni ifike mbali. Abiria wa karibu walikuja baadaye kwenye hesabu.

Kile ambacho abiria haoni

Ukiulizwa stesheni ina nini, pengine utasema jukwaa, ofisi ya tiketi, kiti, choo. Mtu wa reli atakutajia kitu kingine kwanza: reli ya kupishania.

Hii line ni ya njia moja. Treni inayopanda na treni inayoshuka zinatumia vyuma vilevile. Mahali pekee zinapoweza kupishana ni pale ambapo reli inagawanyika mara mbili kisha inaungana tena, na hapo huwa ni stesheni. Moja inaingia pembeni, inangoja, nyingine inapita. Ndio maana stesheni za zamani zimepangwa kwa umbali fulani fulani hata mahali ambapo hapakuwa na mji. Zilipangwa kwa hesabu ya treni, na miji mingi ikaja kuota karibu nazo.

Kuzuia ajali, reli za njia moja za zamani zilikuwa na sheria rahisi sana. Dereva haruhusiwi kuondoka stesheni bila kupewa ruhusa ya kile kipande cha njia kilicho mbele yake, na mara nyingi ruhusa ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Kama huna hicho kitu, unangoja. Stesheni masta wa Kikuyu na wa stesheni inayofuata walipaswa kuelewana kwanza. Kwa hivyo stesheni masta hakuwa karani wa tiketi tu, maisha ya watu yalikuwa mikononi mwake.

Naleta hii kwa sababu inajibu swali ambalo watu huuliza kila siku: kwa nini wasiongeze tu treni? Chukua mfano. Tuseme kutoka mahali pa kupishania hadi pengine treni inachukua dakika 20. Ndani ya hizo dakika 20 hakuna treni nyingine inayoweza kutoka upande wa pili kuja kukutana nayo. Ukichanganya zinazopanda na zinazoshuka, kwa saa moja utapitisha treni tatu pekee, na hapo kila kitu kimeenda sawa. Moja ikichelewa, zote zinachelewa. Unaweza kununua treni mpya ishirini na usipate nafasi ya kuzipitisha. Reli ya kupishania iliyo sawa inaweza kumsaidia abiria kuliko rangi mpya kwenye ukuta, lakini hakuna mwanasiasa atakayekata utepe mbele ya reli ya kupishania.

Kuna vingine pia. Stesheni za hii line zilijengewa godauni la mizigo, nyumba ya stesheni masta, na nyumba za wafanyakazi, zile tunaita landhi. Vibao vya majina vilikuwa na kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Ukichunguza hiyo orodha utaona karibu kila kitu ni cha treni, cha mzigo, au cha mfanyakazi wa reli. Abiria alipewa jukwaa. Na kwenye stesheni nyingi za zamani jukwaa lenyewe liko chini kuliko sakafu ya behewa, kwa hivyo unapanda ngazi za chuma. Kama una goti bovu, au mtoto mgongoni, au gunia la sukuma wiki, hiyo ni shughuli yako.

Daraja lako ni rangi yako

Wakati wa ukoloni abiria walikuwepo, lakini hawakuwa sawa. Kulikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na kwa vitendo kila daraja lilikuwa na rangi yake. Mzungu mbele, Mhindi katikati, Mwafrika kwenye benchi za mbao za daraja la tatu. Ungeweza kuwa na pesa na bado ukaambiwa mahali pako ni huko nyuma.

Wakati huohuo Kikuyu ilikuwa inakuwa mji wa shule na dini. Wamishonari wa Scotland walihamia Thogoto mwaka wa 1898, mwaka mmoja kabla ya reli kufika Nairobi. Hata hilo jina Thogoto linasemekana ni namna wenyeji walivyolitamka jina la kwao hao wageni. Kijana aliyekuja kuitwa Jomo Kenyatta aliingia shule ya misheni hapo mwaka wa 1909. Mwaka wa 1926 ikafunguliwa Alliance. Ghafla stesheni ndogo ikawa mlango wa kuingilia elimu. Mtoto aliyeitwa Alliance kutoka mbali angeweza kushuka hapo na sanduku lake la bati, aangalie huku na huku, aulize njia.

Na hapo ndipo kisa cha Ngũgĩ wa Thiong'o kinaingia.

Mvulana na treni ya mizigo

Wengi wetu tulimsoma Ngũgĩ shuleni kwa sababu ya mtihani. Katika *A Grain of Wheat*, riwaya yake ya mwaka wa 1967, kuna stesheni inaitwa Rung'ei. Vijana wa kijiji wanaenda huko Jumapili kuangalia treni ikiingia. Hawasafiri. Wanaenda kuonana, kupiga stori, kutongozana, kuonekana. Ukiisoma leo utaitambua mara moja, ni kama vijana wa sasa wanavyoenda mall bila nia ya kununua kitu. Stesheni waliyojengewa wengine, wao waligeuza ikawa base yao.

Lakini katika kumbukumbu zake, *Dreams in a Time of War*, Ngũgĩ anaeleza stesheni ya kweli na siku ambayo haikuwa ya raha. Ni mwaka wa 1955. Ameitwa Alliance. Yeye ni mtoto wa Limuru, na Limuru kuja Kikuyu ni karibu sana, vituo vichache tu. Anaenda stesheni ya Limuru na mizigo yake. Anazuiwa kupanda treni.

Sababu? Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilifanya Operation Anvil, ikakamata maelfu kwa maelfu ya Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru ndani ya Nairobi. Mtu wa jamii hizo hakuruhusiwa kusafiri bila pasi. Kijana alikuwa na barua ya shule nzuri kuliko zote walizokuwa nazo Waafrika wakati huo, na hakuwa na pasi. Treni ikaondoka, yeye akabaki.

Kilichomwokoa ni mfanyakazi wa reli aliyemhurumia na kumwingiza kwenye treni ya mizigo. Mmoja wa waandishi wakubwa kuwahi kutoka Afrika alifika stesheni ya Kikuyu kama mzigo.

Fikiria maana ya hilo. Ile reli haikuwa na shida kubeba kahawa na chai kutoka sehemu hizi. Hakuna gunia lililoulizwa pasi. Mwenyeji ndiye aliyehitaji ruhusa, kwenye ardhi yake, kwa safari ambayo leo ukipanda matatu unamaliza kabla podikasti haijaisha. Na aliporudi nyumbani likizo ya kwanza, anaeleza katika kitabu kinachofuata, alishuka Limuru akakuta kijiji chao kimebomolewa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya kulazimishwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia stesheni ni jengo tu, mkumbushe kwamba stesheni pia ni lango, na kila lango lina mtu anayeamua nani apite.

Uhuru umekuja, treni imechoka

Baada ya uhuru rangi ya ngozi iliacha kuamua behewa lako. Hiyo ni hatua kubwa na tusiichukulie poa. Lakini swali la "ilijengewa nani" halikupata jibu jipya.

Reli ilikuwa ya pamoja kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, reli nayo ikagawanywa, na Kenya ikabaki na shirika lake, Kenya Railways. Huku nyuma kitu kingine kilikuwa kimetokea. Mwaka wa 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni ambayo magari mengine ya abiria yalihitaji. Hapo mchezo ulibadilika. Matatu haina ratiba. Inakuchukua karibu na geti, saa yoyote, na ikijaa inaondoka. Treni inataka wewe ndio uifuate.

Ukiwa na pesa za kutengeneza kitu kimoja, na treni haina watu, unatengeneza barabara. Ukitengeneza barabara, treni inapoteza watu zaidi. Baada ya miaka kadhaa ya hiyo duara, mabehewa yamechakaa, reli imelegea, mwendo umepunguzwa kwa usalama, na watu wanasema "si mnaona, treni haifai." Mwaka wa 2006 reli ilikabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ukaisha mapema, mwaka wa 2017.

Na kuna Januari 2008. Treni ya Kikuyu leo inapita Kibera. Wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli pale Kibera. Ilikuwa habari kubwa kwa sababu mizigo ya Uganda ilikwama, na gazeti lililotaja Uganda halikukumbuka sana msee wa Kikuyu aliyekuwa anapanda hiyo treni kwenda kazini. Sisemi kung'oa reli ni sawa. Ninasema tu kwamba hata miaka zaidi ya 100 baadaye, njia ikikatika, wa kwanza kuulizwa hali bado alikuwa Uganda.

Treni ya saa za ofisi

Tuje sasa. Mwezi wa Novemba 2012 Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, na ikawa kama mwanzo mpya wa treni za abiria Nairobi. Mwaka wa 2020 serikali ilileta treni za dizeli zilizonunuliwa Uhispania, ambako zilikuwa zikitumika kwenye kisiwa cha Mallorca. Zilikuwa 11 kwa jumla. Hizi zina chumba cha dereva mbele na nyuma. Treni ya kuvutwa na injini ikifika mwisho wa safari lazima injini ifunguliwe, izunguke kwa reli ya pembeni, ifungwe upande wa pili. Hii mpya dereva anahama tu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Muda unaokoka.

Hayo ni maendeleo, na yanastahili pongezi. Lakini linganisha stesheni mpya na za zamani. Syokimau ilipofunguliwa, kitu kimoja kilichosifiwa sana ni nafasi ya kuegesha magari. Wazo lilikuwa uache gari lako hapo, upande treni, uepuke jam ya Mombasa Road. Wazo zuri. Lakini linaanza kwa kudhani abiria ana gari! Abiria wa line ya Kikuyu mara nyingi amekuja kwa mguu au kwa nduthi. Anachohitaji ni njia salama ya kuvuka reli, taa gizani, na mahali pa kujikinga mvua, maana Kikuyu na Julai yake si mchezo. Ile baridi na manyunyu ya saa kumi na mbili asubuhi huifahamu mpaka uingoje treni ndani yake.

Halafu angalia ratiba. Treni za mjini Nairobi zimepangwa kwa saa za ofisi. Asubuhi zinaingia tao, jioni zinatoka. Anayehudumiwa ni mtu wa kazi ya saa mbili hadi saa kumi na moja. Sasa hesabu nani ameachwa nje. Mgonjwa kutoka Kibera au Dagoretti aliye na miadi ya macho Kikuyu Hospital saa nne. Mwanafunzi mwenye lekcha ya mchana. Mathe wa mboga ambaye soko lake linaanza usiku wa manane. Askari wa usiku anayerudi nyumbani wakati wengine wanaenda kazini. Mtoto wa Alliance aliyefunga shule. Kikuyu ina hospitali, shule na chuo, yaani ni mji ambao watu wanauendea, lakini ratiba inauchukulia kama chumba cha kulala cha Nairobi.

Wakoloni walidhani Kikuyu ni mahali pa kupita ukielekea Uganda. Sisi tunadhani ni mahali pa kutoka ukielekea tao. Tumebadilisha mwisho wa safari, lakini mji wenyewe bado hatujauhesabu.

Kwa nini ni sasa

Oktoba 2019 reli mpya ya SGR ilifika Suswa, upande wa Naivasha. Haikupita Kikuyu. Ilipita Ngong. Mizigo ya kwenda mbali sasa inaweza kutoka Mombasa hadi ndani ya Bonde la Ufa bila kuiona Kikuyu kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu 1899, sababu iliyoleta reli hapa imepata njia nyingine.

Hilo linaweza kwenda pande mbili. Upande mmoja, line ya zamani inapoteza umuhimu, treni zinapungua, nyasi zinaota, na siku moja unaamka ukikuta jengo la ghorofa mahali pa godauni. Usidhani nakutisha. Ardhi ya reli imenyakuliwa sehemu nyingi za hii nchi, na kila mara ilianza kwa watu kusema "hapo hakuna kinachofanyika."

Upande wa pili, line ikiwa na mizigo michache ya mbali, nafasi ya treni za abiria inaongezeka. Kumbuka ile hesabu ya dakika 20. Kila treni ya mizigo inayoondoka kwenye njia moja inamwachia abiria nafasi. Na tumeona line iliyolala ikiamka: reli ya Nanyuki ilikaa miaka bila treni ya abiria, na mwaka wa 2020 ikafufuliwa. Inawezekana.

Najua jibu la kawaida: treni za abiria hazina faida, nani atalipa? Sawa, lakini ni lini mara ya mwisho uliuliza barabara ya Gitaru imeingiza faida ngapi? Barabara tunaijenga kwa kodi na hatuiulizi risiti. Treni tunaitaka ijilipe mwezi wa kwanza. Kama kipimo ni faida, tupime zote kwa mizani moja, tuhesabu na masaa ambayo wasee wanapoteza kwa jam.

Mimi nikiulizwa kuhusu Kikuyu, siombi stesheni ya kioo. Naomba vitu vitano. Paa refu la kutosha kwa watu wote, si kwa wale kumi wa kwanza. Taa zinazowaka kabla ya alfajiri na baada ya jua kutua, maana hasa kwa wasichana hilo ni suala la usalama. Choo safi chenye maji. Jukwaa lililoinuliwa, ili mzee na mtu wa kiti cha magurudumu wapande bila kubebwa. Na angalau treni moja ya katikati ya mchana, kwenda na kurudi, tuone nani atajitokeza. Nina hakika utashangaa.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia ya ajabu. Kinachohitajika ni mtu kuuliza. Vikao vya ushiriki wa umma vipo kwa sababu Katiba ya 2010 inavitaka, na mara nyingi wanaojitokeza ni wazee watatu na mwanakandarasi. Sisi ndio tunapanda hizo treni, sisi ndio tuko na simu za kurekodi, na bado hatuendi. Kama wewe ni wa Kikuyu, Muguga, Dagoretti au Kibera, hiyo ni line yako. Tafuta kikao kinachofuata cha bajeti ya kaunti yako, nenda na hayo mambo matano, na uulize kila moja litafanywa lini.

Ukienda, niambie walichojibu. Nitakiandika hapa.